Shingo ya Mchi

Vijana wa siku hizi wakitaka gita huingia dukani, wakapitisha kiganja kwenye shingo yake, wakasema hii nene, hii nyembamba, hebu nipe ile ya pale. Muuzaji anawapa. Wanajaribu, wanarudisha, wananuna. Nawatazama nikiwaonea wivu hata najishangaa. Mimi shingo ya gita langu niliitafuta tangu ulezi ukiwa bado kijani shambani hadi ulipoanikwa uani, na nisingeipata ningempoteza mke.

Nieleze taratibu, maana nikienda haraka nitaonekana mwongo.

Wakati wa Mwingereza, vijana wengi wa upande wetu wa Tunduma tulivuka kwenda kwenye migodi ya shaba. Mpaka wenyewe ulikuwa mali ya serikali. Kwetu ilikuwa njia ya kwenda kwa shangazi. Nami nikavuka, nikafanya kazi chini ya ardhi, na siku za mapumziko, kwenye kambi ya wafanyakazi, nikajifunza kupiga besi. Si besi ya dukani. Lilikuwa gita kubwa la kutengenezwa kwa mkono, kasha la mbao, ngozi ya mbuzi usoni, nyuzi nne nene, ambalo Wabemba huliita kalindula. Kasha linakaa chini, mpigaji anakaa kwenye kigoda, na shingo ya gita inaegemea bega lake. Banjo ndiyo inayosema maneno. Besi kazi yake ni kuitikia, na mimi tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuitikia, kwa hiyo tulielewana.

Kisha toroli la mawe likanibana mkono wa kushoto. Mfupa uliunga na kidonda kikafunga, lakini vidole viwili vya kati vilibaki vimepinda nusu, havinyooki wala havikunjiki. Mgodini hawakuwa na haja na mkono wa namna hiyo. Nikarudi nyumbani kwa mke niliyemwoa muda mfupi kabla ya kuondoka, mtoto bado hatujapata.

Wakwe zangu walikaa Msangano. Kwa desturi yetu mkwe hulima shamba la baba mkwe wake, na mimi sikuwa nimemaliza deni hilo la jasho. Nikaenda. Jembe lilinitoka mkononi, nikaliokota, likanitoka tena. Baba mkwe alisimama pembeni akitazama. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole sana, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mkali akikasirika unajua atapoa. Mpole akiamua, ameamua.

Jioni aliniita, akamwita na mwanawe wa kiume, shemeji yangu, ambaye tulikuwa pamoja ng'ambo na ndiye aliyekuwa akipiga banjo.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sikuchukii. Lakini mkono usioshika jembe utashikaje nyumba? Baada ya mavuno namwoza mdogo wake mkeo. Siku hiyo nyumba yangu itatoa mmoja na itapokea mmoja."

Sikuelewa mara moja. Nilitabasamu hata, nikidhani ni methali. Kisha nikaona shemeji ameinamisha kichwa, nikajua atakayepokewa ni mke wangu.

Shemeji ndiye aliyeniokoa, au aliyenitia kitanzi, hadi leo sijui. Akasema, "Baba, huyu ana kazi nyingine. Ng'ambo kule watu walikuwa wakitembea kutwa kuja kusikia besi yake. Apige siku ya harusi, umwone."

Mzee alifikiri. "Apige basi. Tangu asubuhi mpaka bibi harusi atoke uani. Mkono ukikubali kazi ya siku nzima, nitasema ni mkono. Ukikataa, binti yangu alale kwangu siku hiyo hiyo."

Alikubali shingo upande, lakini alikubali. Ila shemeji hakujua jambo moja: tangu ajali ile nilikuwa sijashika gita. Besi yangu niliiacha ng'ambo kwa kuogopa kujua.

Kasha halikunisumbua. Nilizunguka nikigonga mbao kwa kifundo cha kidole, sikio nimeliegesha, watu wakidhani nimerudi na kichaa cha mgodini. Mninga nilioupata ulikuwa mzuri wa kutazama, mwekundu, lakini mzito. Ukiugonga sauti inabaki ndani yake, haitoki. Mbao za makasha ya mafuta ya taa zilitoa sauti upesi mno, tena yenye mtetemo wa bati. Mwishowe nilipata kipande cha mringaringa, mti wanaochongea ngoma, kilichokaa miaka mingi juu ya dari ya jiko la jirani hadi kikawa cheusi kwa moshi. Nilipokigonga kiliitika na kikaendelea kuitika. Nikamwomba jirani, akanipa, nikapasua mbao nikaunda kasha, nikawamba ngozi ya mbuzi. Kazi iliyobaki ilikuwa shingo.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni kwelikweli.

Kila niliyemwuliza aliniambia lile lile: mkono mgonjwa, utafutie shingo nyembamba. Ilionekana akili. Nikachonga nyembamba ya kwanza kwa mti mbichi, maana sikuwa na subira. Nilipokaza nyuzi ikapinda ikawa upinde wa kuwindia. Nikachonga ya pili kwa mninga mkavu, nyembamba vilevile, laini, ya kupendeza. Hii haikupinda. Lakini vidole vyangu viwili vilining'inia hewani juu ya uzi, haviufikii. Nikavisukuma kwa mkono wa kulia, vikafika, nikaachia, vikarudi vilipotoka. Nilijaribu kugeuza gita, nishike kwa kulia na kupiga kwa kushoto, ikawa kama kuvaa viatu kinyume. Nikachonga ya tatu, nyembamba zaidi, kwa kuwa nilidhani kosa ni unene. Hiyo ilikatika.

Mke wangu alinitazama siku zote hizo akipepeta ulezi. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Nilipotupa ile iliyokatika alisema tu, "Unatengeneza shingo za watu wengine."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kama anajua kuchonga, panga lile pale. Kisha nilikaa siku nzima nikiona aibu na hasira pamoja, huku ulezi ukizidi kukauka mbele ya macho yangu. Kila tulipomaliza kuvuna kipande cha shamba nilihisi nimesogezwa karibu na ile harusi. Wenzangu waliomba jua liwake. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba mvua.

Sasa lazima niseme habari ya mchi, na habari ya mama mkwe, maana zinakwenda pamoja.

Katika ukoo wa mke wangu binti akiolewa, kinu anachongewa na mumewe, lakini mchi hutoka kwao. Mama ndiye anayempa, na mara nyingi ni mchi aliopewa yeye na mama yake. Mchi huo ukiwa nyumbani kwako, una mke. Binti akirudishwa kwao, hurudi na mchi begani. Huna haja ya kuuliza: ukikutana njiani na mwanamke amebeba mchi bila kinu, unamwamkia kwa upole na unapita. Mwanamume hagusi mchi huo. Si kwamba atakufa. Hagusi tu, kama asivyokaa juu ya kinu.

Na mama mkwe, kwetu, mkwe wa kiume hamtazami usoni wala hasemi naye, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na desturi ya kufunguana ifanyike. Mama mkwe wangu nilimfahamu kwa kikohozi na kwa pindo la nguo likipotelea nyuma ya nyumba. Akiniona njiani alijitosa kichakani. Nikimwona mimi kwanza, nilijitosa mimi. Siku moja tulijitosa wote wawili kichaka kimoja, na tulivyotoka humo kila mmoja kwa upande wake, sitaki kukumbuka. Tukitaka kuambiana jambo, tulimtuma mke wangu. Neno la mama lilinifikia kupitia kwake, na langu lilimfikia mama kupitia kwake.

Basi mchana mmoja mke wangu alikwenda kisimani, akaacha ulezi umeanikwa kwenye mkeka. Mbuzi wa jirani akaja. Nilikuwa nimekaa nikiitazama besi yangu isiyo na shingo, na nilipomwona mbuzi tayari mdomo umejaa. Niliruka, nikakamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nikamkimbiza hadi nyuma ya choo.

Niliposimama kuvuta pumzi ndipo nilipotazama nimeshika nini. Ulikuwa mchi. Na nilikuwa nimeushika kwa mkono wa kushoto.

Vidole vyote vilikuwa vimeuzunguka. Vile viwili vilivyokufa vilikuwa vimelala juu ya mti, kwenye kiuno cha mchi, pale wanawake wanaposhika, mahali palipokwisha kulika kwa viganja vya bibi, vya mama na vya binti hadi pakawa laini kama ndani ya ganda la yai. Nilikaza. Vilikaza. Nililegeza, nikakaza tena, nikaanza kucheka peke yangu huku machozi yananitoka. Kumbe mkono usiofunga hautaki kitu chembamba; chembamba kinauacha wazi. Unataka kitu kinene kiujaze, kije mpaka vidole vilipo. Msimu mzima nilikuwa nikichonga kuelekea upande usio.

Kisha hofu ikanirudia. Nilitazama huku na huku, nikaufuta mchi kwa shati, nikaurudisha ulipokuwa, nikaugeuza ulivyokuwa umegeuka.

Mke wangu aliporudi niliapa kimoyomoyo kwamba sitamwambia. Nilimwambia kabla hajatua mtungi.

Nilitafuta mti mwingine mnene kama ule, kwa kweli nilitafuta. Mchi wake ulikuwa wa mti ule mgumu ambao Wabemba huuita mubanga, usiopinda wala kuliwa na wadudu, lakini mubanga mbichi ukikauka hupasuka, na kuukausha vizuri kunataka miaka. Sikuwa na miaka. Nilikuwa na mkeka wa mwisho wa ulezi.

Mke wangu akasema, "Nakwenda Msangano kusaidia maandalizi. Nitamwuliza mama."

"Utamwuliza nini?"

"Nitamwuliza kama unaweza kuukata."

Nilitaka kumzuia. Nilifikiri jinsi mama mkwe atakavyosikia kwamba mkwe wake ameushika mchi wake, amekimbizia mbuzi, na sasa anataka kuupasua. Nilijiona nimerudishiwa mahari yangu njiani. Lakini alishaondoka, na mimi nikabaki nikizunguka uani, nikianza kazi na kuiacha, nikila bila kujua nala nini.

Alirudi akiwa mchovu, akakaa, akanywa maji kwanza. Nilitamani kumnyang'anya kibuyu.

"Mama amesema ukate," akasema.

"Amesemaje hasa?"

"Amesema mchi ni wake, na yeye ndiye anayeufungua. Amesema ukate, usiogope."

Hilo neno "usiogope" lilinigusa sana. Nilijiambia, kumbe mama wa watu ananijua, ingawa hajaniona usoni. Siku ile nilimpenda mama mkwe wangu.

Hata hivyo niliogopa. Nilikuwa nimeushika msumeno na siwezi kuanza. Hadi hapo, mambo yakiharibika, mke wangu angerudi kwao na mchi begani, kwa heshima yake. Nikiukata na mkono ukanishinda siku ya harusi, angerudi mikono mitupu, mwanamke asiye na mchi wala mume, na watu wangesema nilimla hata mfupa. Nilimwambia hivyo. Akaleta mchi mwenyewe, akaulaza juu ya gogo, akaukalia upande mmoja usicheze.

"Kata," akasema. "Mama amekwisha kusema."

Nikakata ncha zote mbili. Nikaubapa upande mmoja kwa panga, polepole, mahali nyuzi zitakapolala, nikaacha mgongo wake mviringo vilevile ulivyokuwa, kile kiuno sikukigusa hata kwa ukucha. Nikakwangua kwa kipande cha chupa, nikasugua kwa majani ya msasa. Matundu ya vigingi niliyatoboa kwa chuma cha moto, na kila moshi ulipotoka nilifumba macho nikisubiri kusikia mti unapasuka. Haukupasuka. Nikauchomeka kwenye kasha, nikavuta nyuzi za kano za ng'ombe zilizosokotwa, nikakaa, nikaegemeza bega.

Sauti ya kwanza ilitoka nene, ikakaa ndani ya kifua changu. Mke wangu alikuwa akisonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya chungu akaja mlangoni. Nilipiga uzi ule ule tena na tena kama mjinga.

Nisidanganye kwamba hofu iliisha. Mazoezi ya kwanza yalinifanya nisiweze kufunga kifungo cha shati. Niliongeza kidogo kidogo, shemeji akija na banjo yake, lakini siku nzima hatukuwahi kuimaliza. Kila mara maumivu yalipanda kutoka kwenye kiwiko, nikaacha. Shemeji alisema, "Eya mukwai," yaani ndiyo bwana kwa Kibemba, "siku yenyewe damu itakuwa moto." Rahisi kusema ukiwa na vidole kumi.

Siku ya harusi tulifika Msangano jua bado changa. Ibada ilikuwa imekwisha fanywa, uani watu wamejaa, ng'ombe anachunwa, wanawake jikoni nyuma ya ua wa matete. Mama mkwe alikuwa huko nyuma pamoja nao, kwa sababu mimi nilikuwa upande huu. Niliweka kigoda changu, nikasimamisha besi.

Wanawake ndio walioona kwanza. Mmoja aliyekuwa akipita na sinia alisimama, akatazama ile shingo, akamwita mwenzake. Wakanong'ona. Mwingine akaja. Mchi waliokuwa wakitwangia kwa zamu tangu usichana, wangekosaje kuujua? Minong'ono ikawa maneno, maneno yakamfikia baba mkwe, naye akaja polepole, mikono nyuma, upole wake wote usoni. Banjo ikanyamaza.

Alipitisha kidole kwenye mgongo wa shingo. "Huu ni mchi wa binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Leo ningemtuma mtu akauchukue kwako kabla jua halijazama, kama mkono ungekushinda. Nani alikuruhusu kuukata?"

Mke wangu alikuwa amesimama na wanawake wengine, ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili, na nilimwona ana rangi ambayo sijapata kumwona nayo. Nilidhani ananihurumia.

"Mama ndiye aliyesema, baba," nikajibu. "Alituma neno."

Watu wote waligeuka kutazama ua wa matete. Huko nyuma kishindo cha vinu kilikoma. Nilisikia kikohozi chake ninachokifahamu, kisha kimya tena, nami nikajiuliza kwa nini hasemi, kwa nini anachukua muda wote huu kusema jambo dogo, au amebadili mawazo, au anamwogopa mumewe. Mke wangu hakupepesa macho. Aliutazama ule ua kama mtu anayeutazama mto unaojaa.

"Ni mimi," sauti ikatoka nyuma ya matete. "Mimi nilisema. Huo mchi ulikuwa wangu kabla haujawa wake, na ulikuwa wa mama yangu. Mambo ya mchi hayana mwanamume ndani yake. Mwacheni apige."

Baba mkwe aliondoa kidole chake kwenye mchi. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaniambia, "Piga basi."

Nikapiga. Asubuhi haikunipa shida. Jua lilipokuwa kichwani kiwiko kilianza kuwaka, na nikaanza kuhesabu nyimbo badala ya kuzisikiliza. Alasiri sikuwa tena na mkono, nilikuwa na kitu kilichoning'inia begani, lakini ile shingo ilikijaza kiganja na vidole havikuwa na pa kwenda. Hata vilipochoka vilichoka vikiwa mahali pake. Shemeji alinitazama kwa pembe ya jicho, akachagua nyimbo za polepole. Baba mkwe hakuondoa macho kwenye mkono wangu kutwa nzima. Nadhani hata bibi harusi hakumtazama hivyo. Bibi harusi alipotolewa uani akilia, na mchi wake mpya umebebwa mbele yake na shangazi, nilikuwa bado napiga, na ilibidi shemeji anishike mkono aniambie yatosha.

Baba mkwe alinijia. Aliutazama ule mkono uliovimba, akautazama mchi.

"Nilisema nyumba yangu itatoa mmoja na itapokea mmoja," akasema. "Lakini binti yangu hana mchi wa kurudi nao. Nitampokeaje?" Kisha, kwa upole ule ule uliokuwa ukinitisha, "Na mkono ni mkono. Nendeni nyumbani."

Tulikwenda nyumbani. Njia nzima mke wangu alibeba kasha na mimi nilibeba mkono wangu, nikilia, na yeye akijifanya haoni.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa baadaye, binti, na desturi ya kufunguana ikafanyika. Mama mkwe akaletwa mbele yangu, tukapeana chakula, na kwa mara ya kwanza nikamwona usoni: mwanamke mfupi, macho ya kuchekacheka, hafanani hata kidogo na kile kikohozi. Watu walipotuacha tuzungumze nilikuwa na neno moja tu nililoliweka kwa muda wote huo. Nilimshukuru kwa ruhusa ya mchi. Nikamwambia kwamba aliponitumia ule ujumbe, "ukate, usiogope," ndipo nilipopata moyo.

Alinitazama kwa mshangao mkubwa.

"Ujumbe gani, mwanangu?" akasema. "Mimi habari za mchi nilizisikia pale pale uani, pamoja na watu wote. Nilikuwa nimeshika ungo. Nilikaribia kuuangusha."

"Lakini mama, ulisema ni wewe."

"Ningesema nini? Binti yangu alikuwa amesimama upande wa pili."

Sikumbuki niliagaje. Nilifika nyumbani, mke wangu ananyonyesha, nikasimama mbele yake nikamwambia kwamba mama yake amenieleza. Sauti yangu ilipanda. Nilimwambia alikuwa amenitia hatarini mbele ya ukoo mzima, kwamba mama yake angesema hapana tungekuwa tumekwisha sote, kwamba mimi siku ile nilikaa pale nikiamini nina neno la mtu mzima nyuma yangu, kumbe sina kitu. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Akamhamisha mtoto ziwa la pili.

"Kama ningekwambia mimi, mkeo, ukate," akaniuliza, "ungekata?"